Taa za LED za baiskeli za kujitengenezea

Taa za LED za baiskeli za kujitengenezea ni taa za mbele au za nyuma za baiskeli ambazo mwendeshaji au fundi huziunda mwenyewe kwa diodi zinazotoa nuru (kwa kifupi LED), pamoja na betri au dainamo, rezista, waya, swichi na kasha la kuzuia maji. Vifaa vyake hupatikana katika maduka ya vipuri vya redio, au hutolewa kwenye tochi na kompyuta zilizoharibika. Kazi yenyewe haihitaji mashine kubwa: pasi ya kulehemu, risasi ya kulehemu, koleo, kisu na mita ya kupimia umeme vinatosha.

Taa ya baiskeli ina kazi mbili zisizofanana. Ya kwanza ni kumwonyesha mwendeshaji njia. Ya pili ni kumwonyesha mwendeshaji huyo kwa wengine. Wanaotengeneza taa kwa mara ya kwanza huhangaika zaidi na ile ya kwanza, lakini hatari kubwa iko kwenye ya pili. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 kila sekunde. Kanuni za barabarani za Uingereza hukadiria kwamba gari la mwendo huo huhitaji mita 53 mpaka lisimame, kuanzia pale dereva anapoona hatari, na mwanga wa chini wa taa za gari mara nyingi haumwonyeshi mtu aliyevaa nguo nyeusi kutoka mbali zaidi ya hapo. LED nyekundu tatu zinazoendeshwa na betri mbili ndogo huonekana kutoka mamia ya mita. Kwa sababu hiyo, mwenye fedha au muda wa taa moja tu aanze na ya nyuma.

Historia

Taa za kwanza za baiskeli, katika karne ya 19, zilichoma mafuta kwa utambi. Mwishoni mwa karne hiyo zikaja taa za asetilini, ambamo maji yalidondoka taratibu juu ya kabidi ya kalisi, gesi ikatoka na kuwashwa mbele ya kioo. Baadaye zikafuata balbu za uzi, zilizotumia betri au dainamo. Dainamo iliyozoeleka zaidi ni ile yenye umbo la chupa, inayokandamizwa ubavuni mwa tairi; baiskeli nyingi zilizoletwa Afrika Mashariki zilikuwa nayo kwenye uma wa mbele au wa nyuma. Aina nyingine hukaa ndani ya kitovu cha gurudumu: kampuni ya Sturmey-Archer ya Uingereza ilianza kuuza ya kwake mwaka 1936.

Balbu ya uzi ina kasoro isiyorekebishika: karibu umeme wote unaoingia hutoka kama joto. Balbu ndogo ya baiskeli hutoa takriban lumeni 10 hadi 15 kwa kila wati. LED ya kisasa hutoa 100 au zaidi kwa wati hiyohiyo.

LED ya kwanza iliyotoa mwanga mwekundu unaoonekana iliundwa na Mmarekani Nick Holonyak mwaka 1962. Kwa miaka thelathini LED zilibaki taa ndogo za kuonyesha kwamba redio imewashwa, kwa kuwa hapakuwa na LED ya buluu yenye nguvu, na bila buluu hakuna nyeupe. Wajapani Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura ndio waliotatua jambo hilo mwanzoni mwa miaka ya 1990, na mwaka 2014 walipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia. LED nyeupe ya kawaida kwa kweli ni ya buluu iliyopakwa unga unaogeuza sehemu ya nuru yake kuwa ya njano. Jicho huchanganya hizo mbili likaona nyeupe.

Kabla ya LED zenye nguvu kupatikana, waendesha baiskeli wa Ulaya na Marekani walijitengenezea taa za mbele kwa balbu za halojeni za volti 12, zile za kumulikia vioo vya maduka, wakibeba betri ya asidi yenye uzito wa kilo kadhaa kwenye fremu. Miaka ya mwanzo ya 2000 LED za wati 1 na wati 3 zilianza kuuzwa rejareja, na betri ile nzito ikaondoka. Huku Afrika Mashariki mabadiliko yalikuja kwa njia ya tochi za bei nafuu. Boda boda, ambazo mwanzoni zilikuwa baiskeli za kuvusha abiria katika mpaka wa Kenya na Uganda huko Busia, na baiskeli za mizigo za mkaa na maziwa, huonekana mara nyingi zikiwa na tochi iliyofungwa kwenye usukani kwa ukanda wa mpira wa tairi. Nayo ni taa ya kujitengenezea, ingawa mwenyewe hawezi kuiita hivyo.

Mkondo, si volteji

Jambo linaloua LED nyingi za kujitengenezea ni kuzichukulia kama balbu. Balbu ya volti 3 hupewa volti 3 na mambo yakaisha, kwa sababu uzi wake unapopata joto huongeza ukinzani na kujizuia wenyewe. LED haina kizuizi hicho. Chini ya kiwango fulani cha volteji haipitishi karibu chochote. Ikifikia kiwango hicho hufunguka, na nyongeza ya volti 0.2 tu inaweza kuongeza mkondo maradufu. Mbaya zaidi, LED ikipata joto kiwango chake cha kufunguka hushuka, mkondo ukaongezeka, joto likaongezeka tena, na mwisho wake ni kuungua. Kwa hiyo anayetengeneza taa hapangi volteji, hupanga mkondo.

LED nyekundu hufanya kazi kwenye volti 1.8 hadi 2.2 hivi, nyeupe na buluu kwenye volti 3.0 hadi 3.4. LED ndogo ya duara yenye kipenyo cha milimita 5 huvumilia miliampia 20. Mguu wake mrefu ndio chanya. Upande wa hasi hutambulika pia kwa ukingo uliokatwa bapa. Ikiunganishwa kinyume haiwaki, na volteji ya kinyume ikizidi volti 5 hivi inaweza kufa.

Kifaa rahisi cha kuzuia mkondo ni rezista. Thamani yake hupatikana kwa kutoa volteji ya LED kutoka volteji ya betri, kisha kugawanya kwa mkondo unaotakiwa katika ampia. Kwa betri mbili za AA (volti 3) na LED nyekundu ya volti 2, inabaki volti 1. 1 ikigawanywa kwa 0.02 ni omu 50. Rezista iliyo karibu na inayopatikana kwa urahisi ni ya omu 56, yenye mistari ya kijani, buluu na nyeusi. Kwa LED nyeupe ya volti 3.2 na betri tatu (volti 4.5), hesabu hutoa omu 65, na hutumika ya omu 68.

Hesabu hiyo huharibika betri zikibadilishwa aina. Betri tatu za kuchajiwa za nikeli hutoa volti 3.6 badala ya 4.5. Rezista ileile ya omu 68 hubakiwa na volti 0.4, na mkondo hushuka mpaka miliampia 6 hivi. Mtu huona taa yake imefifia akadhani betri ni mbovu, kumbe betri ni nzima.

Kila LED ipewe rezista yake. LED mbili za mfuko mmoja hazifanani kabisa. Zikiunganishwa sambamba nyuma ya rezista moja, ile inayofunguka mapema huchukua sehemu kubwa ya mkondo. Tochi nyingi za bei ya chini hazina hata rezista moja: mtengenezaji hutegemea udhaifu wa betri dhaifu kuzuia mkondo. Mnunuzi anapotia betri nzuri zaidi, LED huanza kufa moja baada ya nyingine. Anayetumia kichwa cha tochi ya namna hiyo kwenye baiskeli afanye hesabu upya.

Taa ya nyuma

Taa ya nyuma ndiyo rahisi na ndiyo ya kujifunzia. LED nyekundu tatu, kila moja na rezista ya omu 56, huunganishwa sambamba na betri mbili za AA kupitia swichi. Kila LED huchukua takriban miliampia 18, jumla 54. Betri za alkali zenye uwezo wa miliampia-saa 2000 huendesha taa hiyo kwa zaidi ya saa 30. Kadiri betri zinavyochoka mwanga hupungua polepole bila kukatika ghafla: zikiwa zimeshuka mpaka volti 2.4 kwa pamoja, kila LED bado hupata karibu nusu ya mkondo wake. Kwa taa ambayo mwendeshaji mwenyewe haioni akiwa njiani, tabia hiyo ni ya thamani.

LED ziwe nyekundu zenyewe. Kuweka LED nyeupe nyuma ya plastiki nyekundu ni kosa linalorudiwa sana, hasa na wanaobadilisha balbu ndani ya taa ya zamani. Balbu ya uzi ilikuwa na nyekundu nyingi katika mwanga wake, hivyo plastiki ilipitisha sehemu nzuri. LED nyeupe ina nyekundu kidogo, na plastiki humeza karibu kila kitu kilichobaki.

Pembe ya mwanga nayo iangaliwe. LED angavu za milimita 5 mara nyingi hukusanya nuru katika pembe ya nyuzi 15 au 20. Mtu aliye nyuma sawasawa huona nukta kali, lakini dereva anayetoka kwenye njia ya pembeni haoni kitu. Dawa yake ni kuelekeza LED ya kati nyuma na zile mbili za pembeni kidogo kushoto na kulia, au kukwaruza kichwa cha LED kwa msasa laini ili nuru itawanyike. Taa ifungwe kwenye nguzo ya tandiko au kwenye keria, mahali ambapo mzigo, koti au mtoto anayebebwa hataifunika. Baiskeli ya mizigo huhitaji ifungwe ncha ya mwisho kabisa ya keria.

Taa ya mbele

Katika mtaa wenye taa za barabarani, LED nyeupe tatu au tano za milimita 5 humfanya mwendeshaji aonekane. Hazitoshi kumwonyesha shimo kwenye barabara ya vumbi isiyo na taa. Kwa kazi hiyo hutumika LED ya nguvu ya wati 1 (miliampia 350) au wati 3 (miliampia 700), ambayo huuzwa ikiwa imebandikwa kwenye kibao kidogo cha alumini chenye umbo la nyota.

Hapa rezista hushindwa. Tuseme LED ya volti 3.2 inaendeshwa na betri moja ya lithiamu ya volti 3.7, kwa rezista ya omu 1.4. Betri ikiwa imejaa ina volti 4.2, na mkondo unakaribia miliampia 700, mara mbili ya uliokusudiwa. Betri ikishuka mpaka volti 3.4, mkondo hubaki kama 140. Taa huwa kali mno mwanzoni mwa safari na hafifu mwishoni. Kwa hiyo hutumika kidhibiti cha mkondo, saketi ndogo inayoshikilia mkondo mmoja hata volteji ya betri ikibadilika. Rahisi kuliko zote ni kipande cha AMC7135, kilichomo ndani ya tochi nyingi: kimoja hupitisha miliampia 350, na viwili vikiwekwa sambamba hupitisha 700.

LED ya nguvu hutoa nuru mbele na joto nyuma. Zaidi ya nusu ya umeme wake huwa joto linalotoka kwenye kibao, na lisipopata njia mwanga hupungua na umri wa LED hufupika. Kibao hubanwa kwa skrubu kwenye kipande kinene cha alumini, kukiwa na grisi ya kupitishia joto katikati. Masalio ya alumini kutoka kwa mafundi wa madirisha yanafaa sana, na upepo wa mwendo husaidia kupoza. Ndiyo maana taa inayofanya kazi vizuri barabarani inaweza kuchemka ikiachwa inawaka mezani. Kipimo cha fundi asiye na kipimajoto ni kidole: ikiwa alumini haishikiki kwa sekunde chache, kipande ni kidogo. LED ya nguvu isitazamwe moja kwa moja kwa karibu wakati wa majaribio, ielekezwe ukutani.

Lenzi na mwelekeo wa mwanga

LED tupu humwaga nuru pande zote za mbele, na sehemu kubwa hupotelea angani. Lenzi ya plastiki ya kuikusanya hugharimu kidogo na huongeza umbali kuliko kuongeza wati. Lenzi ya nyuzi 10 hufaa mwendo wa kasi kwenye lami, ya nyuzi 25 au 30 hufaa njia ya miguu yenye mashimo na kona.

Lenzi za kawaida hutoa duara la mwanga, na nusu ya juu ya duara hilo huingia machoni mwa wanaokuja. Mtu aliyepofushwa gizani huhitaji muda kabla macho yake hayajarudi hali ya kawaida, na katika muda huo hamwoni hata huyo mwenye taa. Kanuni ya zamani ya Ujerumani inatoa kipimo kinachoweza kutumika popote: mita 5 mbele ya taa, kitovu cha mwanga kiwe kimeshuka hadi nusu ya kimo cha taa yenyewe. Taa iliyofungwa sentimita 90 kutoka chini, baiskeli ikisimamishwa mita 5 kutoka ukutani, ipige ukuta sentimita 45 kutoka chini. Mwanga huo utagusa ardhi mita 10 mbele. Kipande cha kopo kilichokatwa na kubandikwa juu ya lenzi kama ukingo wa kofia hupunguza zaidi mwanga unaopanda juu.

Betri

Betri za AA, ziwe za kutupwa au za kuchajiwa za nikeli, ndizo salama zaidi kwa anayeanza. Betri za lithiamu za aina ya 18650, ambazo hutolewa kwenye pakiti za kompyuta mpakato zilizokufa, hubeba nishati nyingi zaidi, lakini ni hatari zikishikwa vibaya. Betri hiyo isipite volti 4.2 wakati wa kuchaji wala kushuka chini ya volti 2.5 hadi 3 wakati wa kutumika. Ikichajiwa kupita kiasi, ikitobolewa au nguzo zake zikigusana, joto la ndani linaweza kujiendeleza lenyewe mpaka betri ipasuke na kutoa moto ambao ni mgumu kuuzima.

Betri iliyokutwa chini ya volti 2 ndani ya pakiti ya zamani isifufuliwe. Iliyo nzima ichajiwe kwa saketi iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, kwa mfano ile ya TP4056, na ichaguliwe aina yenye ulinzi wa betri kwenye kibao hichohicho. Saketi hiyo kwa kawaida huchaji kwa ampia 1, ambayo ni nyingi kwa betri iliyochoka. Mkondo hupunguzwa kwa kubadilisha rezista moja. Waya usilehemiwe moja kwa moja juu ya betri, kwani joto la pasi huiumiza ndani: hutumika kishikio chenye springi, au betri ambayo tayari ina vibati vilivyounganishwa kiwandani. Fyuzi ndogo kwenye waya wa chanya iwepo. Kuchaji kufanyike mahali panapoonekana na mbali na kitanda, na kamwe usiku watu wakiwa wamelala.

Kuendesha LED kwa dainamo

Dainamo ya kawaida ya baiskeli imewekewa kiwango cha volti 6 na wati 3 kwa mwendo wa kilomita 15 kwa saa, wati 2.4 zikiwa za taa ya mbele na 0.6 za nyuma. Waliotumia balbu wanakumbuka kilichotokea moja ilipoungua: umeme wote ulihamia kwenye iliyobaki, nayo ikafuata, mara nyingi kwenye mteremko.

Chanzo cha tabia hiyo ndicho kinachoifanya dainamo ipatane na LED. Kasi ikiongezeka, volteji inayozalishwa huongezeka, lakini mkondo wake, ambao hugeuka mwelekeo mara nyingi kwa sekunde, hugeuka haraka zaidi, na koili ya dainamo huzuia zaidi mkondo unaogeuka haraka. Mambo hayo mawili hukaribia kusawazishana, na mkondo hubaki karibu nusu ampia, mwendo uwe wa kilomita 15 au 30 kwa saa. Dainamo basi ni kidhibiti cha mkondo cha asili. LED mbili za nguvu zenye uwezo wa miliampia 700, zikiunganishwa kwa mfululizo, huweza kuendeshwa nayo bila saketi ya ziada ya kudhibiti.

Kinachohitajika ni kunyoosha mkondo huo kwa diodi nne zilizopangwa kama daraja. Diodi za Schottky, kama 1N5819, ni bora: mbili zinazopitisha kwa wakati mmoja hupoteza takriban volti 0.7, na zile za kawaida za silikoni hupoteza karibu 1.4. Katika mwendo wa kusukumana kwenye mchanga, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama taa itawaka. Kapasita ya mikrofaradi 1000 hadi 4700 huwekwa baada ya daraja ili mwanga usicheze baiskeli ikienda polepole. Iwe ya volti 25, na sambamba nayo iwekwe diodi ya zena ya volti 10 na wati 5. Waya wa LED ukikatika safarini, dainamo isiyo na mzigo inaweza kupandisha volteji mpaka makumi ya volti, na kapasita isiyo na zena hupasuka.

Kuna mtego mmoja ambao huwapotezea watu siku nzima. Taa za zamani za dainamo zilikuwa na waya mmoja tu. Njia ya kurudi ilikuwa fremu ya baiskeli. Baada ya kuweka daraja la diodi, waya wowote wa upande wa LED ukigusa fremu, kwa mfano kupitia kasha la chuma la taa, diodi moja hurukwa na nusu ya umeme hupotea. Taa haizimi, ila huwa hafifu bila sababu inayoonekana. Waya mbili zipelekwe mpaka kwenye taa, na mita ihakikishe kwamba hakuna hata mmoja unaoungana na fremu.

Dainamo hukata umeme baiskeli ikisimama, na kusimama katikati ya barabara kungoja magari yapite ili kukata kona ndio wakati mbaya kuliko yote wa kuwa gizani. Taa za dukani hutumia kapasita kubwa ya faradi 1 kuendesha LED moja nyekundu kwa dakika chache. Mtengenezaji wa nyumbani anaweza kufanya vivyo hivyo, akiangalia kwamba kapasita za namna hiyo kwa kawaida hazivumilii zaidi ya volti 5.5, au abaki na taa ya nyuma ya betri na kuiachia dainamo ya mbele tu, ambalo ndilo suluhisho la wengi.

Kasha, maji na mtikisiko

Taa nyingi za kujitengenezea hazifi kwa umeme, hufa kwa mtikisiko. Waya wa nyuzi nyingi utumike badala ya waya mmoja mgumu, na ufungwe kwenye kasha karibu na mahali ulipolehemiwa ili usichezecheze hapo. Betri zibanwe kwa sponji. Kopo la dawa lenye kifuniko cha kusokota, kipande cha bomba la maji la plastiki au kasha la sabuni hufaa, na mianya huzibwa kwa silikoni. Kitundu kidogo upande wa chini husaidia kuliko watu wanavyodhani: maji yataingia tu siku moja, na bora yapate pa kutokea. Swichi ielekezwe chini. Ukanda wa mpira wa ndani wa tairi hushika kasha kwenye usukani vizuri kuliko chuma, kwa kuwa hunyonya mtikisiko na hauchubui rangi.

Taa za kumweka

Taa inayowaka na kuzimika huvuta macho haraka na hutumia umeme kidogo, ila dereva hupata shida kukadiria umbali wake. Saketi ya kawaida ni kipande cha 555, kilichobuniwa na Hans Camenzind mwaka 1971. Kwa rezista za kiloomu 10 na 68 na kapasita ya mikrofaradi 4.7, huwaka takriban mara mbili kwa sekunde. Kipande cha asili huhitaji angalau volti 4.5, kwenye betri mbili hutumika aina ya CMOS, pamoja na transista ndogo ya kubeba mkondo wa LED. Wengi huweka LED moja inayobaki ikiwaka na nyingine zinazomweka.

Sheria

Mkataba wa Vienna wa usafiri wa barabarani wa mwaka 1968 unataka baiskeli iweze kuonyesha mwanga mweupe au wa njano mbele na mwekundu nyuma, pamoja na kiakisi mwanga chekundu nyuma, na sheria za nchi nyingi hufuata mpango huo. Rangi zisibadilishwe: mwanga mwekundu mbele humfanya dereva adhani baiskeli inakwenda mbali naye. Uingereza imeruhusu taa za kumweka tangu mwaka 2005, zikiwaka mara 60 hadi 240 kwa dakika. Ujerumani inazikataza, na taa zinazotumika barabarani huko lazima ziwe na alama ya kuidhinishwa, hivyo taa ya kujitengenezea haikubaliki kisheria hata iwe nzuri namna gani.

Viakisi mwanga havihitaji betri, na hubaki vikifanya kazi taa ikizimika. Vile vya kwenye pedali hupanda na kushuka kadiri mtu anavyokanyaga, na dereva hutambua mara moja kwamba mbele yake kuna baiskeli. Nchini Uingereza ni vya lazima kwa baiskeli zilizotengenezwa tangu Oktoba 1985.